Aliyejua Umri wa Kila Shakwe

Karani wa mizani katika soko la samaki alikuwa mtu wa maneno machache mpaka umtajie shakwe. Hapo ungejuta kufungua mdomo. Ndege hao wa kelele, ambao wachuuzi waliwafukuza kutwa nzima kwa ndoo na matusi, yeye aliwajua mmoja mmoja. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu; sokoni kote aliitwa Baba Shakwe. Wabeba makreti walikuwa na mzaha wao: shakwe akikuharibia shati usilifue, lipeleke kwanza kwa karani akuambie mhalifu alizaliwa lini.

Jina hilo alipewa na mtoto.

Alikuwa amechelewa kuoa, na alipooa alimwoa msusi mwenye saluni ghorofani, mkabala na kituo cha mabasi, mama wa binti mmoja mdogo. Binti hakutaka kumwita Baba, maana baba alikuwa naye, japo kwenye picha tu. Kumwita kwa jina ingekuwa utovu wa adabu. Basi kwa miezi mingi alimwita "we", na akiwa na hasira hakumwita kabisa, alimvuta shati. Karani hakujua la kufanya. Hakuwahi kuishi na mtoto, na alimwogopa yule binti kama mtu anavyomwogopa bosi mpya.

Jumamosi moja saluni ilifurika wateja, mtoto akawa chini ya miguu ya kila mtu, mara amefunga vitana kwa uzi, mara amemwagia shampuu mtungi wa maua. Mama yake akamwomba mumewe amtoe hapo kabla hajamtoa yeye kupitia dirishani. Karani alijua mahali pamoja tu pa kumpeleka mtu. Wakaenda kwenye ukuta wa bandari, nyuma ya kiwanda cha barafu, ambako maji machafu ya soko humwagika baharini na shakwe hukusanyika kugombania matumbo ya samaki. Akamvika darubini shingoni. Ikamfika kitovuni.

Mtoto akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza wale wa kahawia ni ndege gani.

"Ni shakwe haohao," karani akasema.

"Si kweli. Shakwe ni weupe."

Karani akapata cha kusema, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikisema chote. Akamweleza kwamba shakwe wa aina ile hazaliwi mweupe. Mwaka wake wa kwanza ni kahawia mwili mzima, madoadoa kama gunia lililonyeshewa, na mdomo wake mweusi tii. Mwaka wa pili mgongo unaanza kuingia kijivu hapa na pale, kama fundi aliyeanza kupaka ukuta rangi akaishiwa na ndoo, na mdomo unapauka shinani. Mwaka wa tatu mgongo umekamilika, ila mkiani umesalia mstari mweusi, na mdomo umekuwa wa manjano, wenye mkanda mweusi karibu na ncha. Hadi mwaka wa nne ufike ndipo anakuwa yule tunayemjua: kichwa cheupe, mgongo wa kijivu safi, mdomo wa manjano, na doa jekundu kwenye taya la chini.

"Doa la nini?"

"Kinda akiwa na njaa hulidonoa. Mzazi akidonolewa hapo, anatapika chakula."

Njia nzima ya kurudi nyumbani mtoto alimdonoa karani kidevu kwa kidole, akidai biskuti. Akapewa. Walipofika saluni akamwambia mama yake mbele ya wateja wote kwamba ametembezwa na Baba Shakwe, na wanawake walicheka mpaka mmoja akaunguzwa sikio. Habari ikashuka ngazi, ikavuka barabara, ikafika sokoni kabla ya karani mwenyewe. Naye akaanza kumwita yule mtoto Kinda.

Tangu hapo Jumamosi zikawa zao. Chupa ya chai, mkate, darubini moja ya kupokezana. Kinda alikuwa mwepesi kushika. Alipofika darasa la nne alikuwa anamtajia umri wa shakwe akiwa bado angani, na karani, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alikuwa anaitikia kwa kichwa, na mtoto anajua maana yake. Siku mvua ikinyesha walisimama chini ya paa la kiwanda cha barafu, wamebanana, wakitazama.

Ndoa yenyewe haikuvunjika kwa kishindo. Ilikauka. Karani hakuwa mlevi wala mkali, hakuwa na neno na mtu. Ila msusi alikuja kuchoka. Aliwaambia wateja wake kwamba ameolewa na mtu anayeona ukucha wa ndege ukibadilika rangi ng'ambo ya maji, lakini siku mkewe, msusi mzima, aliponyoa nywele zote, huyo mtu alikula chakula cha jioni akaenda kulala bila kuona. Wateja walicheka, yeye hakucheka. Dada yake mkubwa alipomwita wakafungue saluni kubwa pamoja katika mji mwingine, alikubali siku hiyohiyo. Kinda alikuwa amekaribia kumaliza shule ya msingi.

Karani ndiye aliyebeba mabegi hadi kituoni. Hakumwomba mkewe abaki, kwa sababu hakujua inasemwaje. Kinda alifungua dirisha la basi akauliza kama Jumamosi atakuja.

"Tutaona," karani akasema.

Jumamosi ile palikuwa na kazi ya kurekebisha mizani. Iliyofuata alivaa, akatoka, akafika hadi kituoni, kisha akajiuliza anakwenda kama nani. Mtoto si wa damu yake. Watu watasema anamfuata mama. Mama mwenyewe atafikiri hivyohivyo, atamfungulia mlango nusu. Akarudi nyumbani akavua viatu. Ikapita nyingine, na nyingine, na kila iliyopita iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi, maana sasa ingebidi aeleze kwanza ilikopotelea ile ya nyuma. Alijipa moyo kwamba watoto husahau upesi. Mwishowe aibu ikaota mizizi, akaizoea, akaishi nayo kama mtu anavyoishi na goti bovu. Watu wapya sokoni wakimuuliza kama ana watoto, alijibu kwa mkato kwamba hana, na mazungumzo yakahamia kwingine.

Miaka ikaenda. Alistaafu mizani, nywele zikawa nyeupe, lakini macho yake yalibaki makali na ukuta hakuuacha. Asubuhi moja, katika majira ambayo shakwe wachanga hufika kwa makundi kutoka huko walikoanguliwa, alimkuta mwanamke amesimama mahali pake. Alikuwa na darubini kubwa ya miguu mitatu, kofia, koti la mvua, na kidude cha kuhesabia mkononi kilichokuwa kikilia ti, ti, ti kila alipokibonyeza.

"Shikamoo, Baba Shakwe," mwanamke akasema.

Karani akaitikia marahaba. Hakushangaa kuitwa hivyo. Hapo sokoni hata paka walimwita hivyo. Akauliza anahesabu nini. Mwanamke akamweleza kwamba ametumwa na taasisi ya utafiti kuhesabu shakwe kwa umri, ili ijulikane makinda wangapi wanaokoka mwaka wa kwanza. Karani alifurahi kama mtu aliyekutana ugenini na mwenye lugha yake. Maisha yake yote alikuwa amewaeleza mambo haya watu waliokuwa wakitafuta mlango wa kutokea, na sasa serikali imemleta mtu anayelipwa mshahara kuyasikiliza.

Akaanza kumfundisha. Mwanamke hakusema kwamba anayajua. Alimwacha aeleze habari ya kahawia na kijivu, ya mkia na mdomo, akamsikiliza kwa utulivu huku kidole kikiwa juu ya kidude chake. Mara moja moja alimtazama usoni, kisha akarudi kwenye darubini. Karani hakuyaona hayo. Alikuwa anatazama maji.

Walifika kwa shakwe mmoja aliyetua juu ya boya. Karani akasema huyo ni wa mwaka wa tatu, mkanda wake mweusi huo hapo mdomoni. Mwanamke akasema hapana, ni wa nne.

"Mdomo unaweza kuchelewa," akasema. "Angalia bawa. Ncha zake zina matone meupe, makubwa. Wa mwaka wa tatu hana hayo."

Karani alichukua darubini yake, akatazama, akaishusha, akaipandisha tena. Ndege akanyoosha bawa kama aliyeitwa kutoa ushahidi. Matone yalikuwepo, makubwa kabisa. Karani akaitikia kwa kichwa, polepole, mara moja.

Mwanamke alipoona ile ishara alicheka kidogo, kicheko kifupi, kisha akafuta miwani yake kwa upindo wa koti, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Karani alidhani ni chumvi ya upepo wa bahari.

Wakaendelea. Jua lilipanda, wachuuzi wakafungua maturubai, na kundi lote la shakwe likahamia upande wa kumwagia matumbo. Mwanamke akafungua begi lake, akatoa chupa ya chai, akammiminia kikombe. Wakanywa wakiwa wameegemea ukuta. Hapo ndipo alipouliza, bila kumtazama, kama mzee ana watoto.

"Sina," karani akasema. "Sikujaliwa."

"Hujawahi hata kulea?"

Karani alisita. Akanywa chai. Kueleza kungekuwa hadithi ndefu, na huyu ni mgeni, na asubuhi ilikuwa nzuri.

"Hapana," akasema.

Mwanamke alirudi kwenye darubini. Kidude chake cha kuhesabia hakikulia tena, ingawa makinda watatu walipita karibu kabisa, karani akamwonyesha kwa kidole. Baada ya kitambo alisema kwamba anadhani kazi yake imetosha. Akakunja miguu ya darubini mmoja mmoja, akamshukuru mzee kwa masomo, akachukua kikombe chake, akaondoka kupitia kando ya kiwanda cha barafu. Karani alimpungia mkono. Moyoni alisema huyu binti ana jicho, wazazi wake wana bahati.

Mchana alikwenda kantini kula. Mama Kantini, ambaye alikuwa amewalisha watu wa soko tangu wengine wakiwa kwenye unyago wa kazi, yaani siku yao ya kwanza ya kubeba kreti, hakumletea sahani. Alikuja mwenyewe, akaketi mbele yake, uso umemchangamka kama mtu anayesubiri habari ya harusi.

"Haya, nipe," akasema. "Umemwonaje?"

Karani akauliza nani.

"Binti yako. Si mlikuwa wote ukutani? Jana alikuja hapa kuniuliza kama bado unakuja. Mimi nilimjua palepale mlangoni, ni mama yake mtupu, ule mdomo na ile shingo. Nikamwambia njoo asubuhi, hakosi. Akaniomba nisikwambie, eti anataka aone kama utamjua."

Karani alivua kofia, akaiweka mezani. Mama Kantini alimtazama, na taratibu uso wake ukabadilika.

"Usiniambie," akasema.

Karani aliinuka akaacha kofia mezani. Watu waliomwona akipita siku ile walisema hawakujua yule mzee bado anaweza kukimbia. Nyumba ya wageni iliyo karibu na soko ni moja tu. Mhudumu wa mapokezi alimwambia mgeni mwenye darubini amekwisha toka, alikuwa alale hadi Jumapili lakini amebadilisha mawazo, amechukua basi la mchana. Chumba kilikuwa bado wazi, shuka zimetolewa. Karani alisimama mlangoni akitazama godoro.

Alikwenda kituoni. Basi lilikuwa limeondoka. Akaketi kwenye benchi, mkabala na jengo ambalo ghorofa yake ya kwanza iliwahi kuwa saluni na sasa ni duka la simu, akajaribu kuukumbuka uso wa yule mwanamke. Alijaribu kwa bidii. Alimjia yule shakwe wa juu ya boya, unyoya kwa unyoya: mkanda mweusi uliofifia, matone meupe ya bawa, miguu ya waridi, kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Lakini binti alikuwa amevaa koti la rangi gani? Alikuwa na pete? Alifanana na nani alipocheka? Alikuwa amesimama naye bega kwa bega asubuhi nzima na hakumtazama. Akayakumbuka maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, hadi lile la mwisho, na watu wa kituoni waliona mzee akijishika mdomo kama aliyeng'atwa na meno yake.

Namba ya simu binti alikuwa ameiacha kwa Mama Kantini. Mama Kantini aliiandika kwenye kipande cha boksi, akamkabidhi bila mzaha wowote, akamwambia apige sasa hivi. Hakupiga sasa hivi. Alikwenda nyumbani, akaoga, akavaa shati safi, kama mtu anayeonekana simuni. Ilipofika jioni akabonyeza.

Iliitika sauti ileile ya ukutani. Karani akataja jina lake la kitambulisho, kisha akasema, "Ni mimi. Baba Shakwe."

"Najua," binti akasema. "Mama Kantini amenitumia ujumbe."

Karani alikuwa amepanga maneno tangu bafuni, yote yakamwisha. Akasema kwamba hakumjua. Akasema amekuwa mrefu, na ile miwani, na ile kofia. Alisikia mwenyewe jinsi yanavyosikika, akaacha.

"Kutonijua si kitu," binti akasema. "Nilikuwa mtoto. Nilijiambia nikitajwa tu, basi, nitakwambia mimi ndiye. Nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza."

"Ukasema hujawahi."

Karani akasema kwamba hakuwa na haki ya kumtaja, kwamba alidhani mtu kama yeye hana dai. Alisema alifika hadi kituoni Jumamosi ile ya pili, akarudi.

Akaihamishia simu sikio la pili.

"Sisi tulipanga nyumba ya barabarani," binti akasema. "Basi la kutoka kwenu lilikuwa linasimama chini ya dirisha. Jumamosi nilikuwa nakaa pale na mkate. Mama aliniambia nile, nikamwambia tutakula na Baba Shakwe. Muhula mzima. Halafu Mama akahamishia kitanda changu chumba cha nyuma, akasema huku mbele kuna kelele." Akavuta pumzi. "Sikuwa nataka unidai. Nilitaka uje tu."

Karani aliomba radhi. Aliomba kwa maneno mafupi, yasiyo na sababu wala maelezo, na labda ndiyo yaliyokuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuyasema. Akauliza kama anaweza kwenda kumwona. Binti akasema si sasa. Akauliza kama atarudi kuhesabu mwakani. Binti akasema mwakani watamtuma mwingine, ameshawaambia wampe kituo cha kaskazini. Akauliza hali ya mama yake. Mama hajambo, ana saluni mbili, miguu inamsumbua. 

"Unaweza kunipigia," binti akasema. "Sisemi nitapokea kila mara."

Ndivyo ilivyokuwa. Karani hupiga, na mara nyingi simu hulia hadi ichoke. Siku anazopokea binti, huzungumza habari ya shakwe, kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki wazi kati yao. Wangapi wa kahawia wamefika, nani ana mdomo wa namna gani. Binti humsahihisha na yeye hukubali. Hakuna anayemwita mwenzake kwa jina la zamani. Mama Kantini humsukuma amwambie mambo mengine, ya moyoni, na karani humjibu kwamba hayo yalikuwa na wakati wake.

Juzi alipiga, binti akapokea akiwa sokoni kwao, akamwambia subiri kidogo. Simu ikabaki wazi. Karani alimsikia akichagua vitunguu, akibishana na muuzaji kwa utani, sauti nyepesi ambayo hakuwahi kuisikia. Kisha akasikia mtoto mdogo, karibu kabisa na simu, akiita: Mama, Mama, twende. Na binti akajibu kwamba wanaondoka sasa hivi, avae kofia yake.

Karani aliibana simu sikioni. Binti aliporudi hakusema lolote juu ya huyo mtoto. Aliuliza tu kama upepo umetulia huko bandarini. Karani alikuwa na swali kwenye ncha ya ulimi, umri gani, anaitwa nani, na akaona kwamba si lake kuliuliza, mpaka aambiwe. Akajibu kwamba upepo umetulia. Akajibu kwamba wachanga ni wengi mwaka huu. Waliagana, na alikaa bado ameshika simu, akisikiliza, muda mrefu baada ya kukatika.